Redio na Jamii: Nani Humwongoza Mwenzake?

Watu wengi wanapozungumzia nguvu za vyombo vya habari huzungumza kana kwamba chombo kiko upande mmoja na jamii iko upande wa pili, na kana kwamba kazi ya chombo ni kusema na kazi ya jamii ni kutii. Mzazi hulalamika kwamba redio imewaharibu vijana. Mwanasiasa huamini kwamba akipewa nusu saa hewani kila wiki atawageuza wapiga kura. Afisa wa afya huomba fedha za matangazo kwa hoja kwamba wananchi wakishasikia, watatenda. Watu hawa watatu hawafanani, lakini imani yao ni moja. Wataalamu wa mawasiliano wameipa jina la nadharia ya sindano: ujumbe ni dawa, redio ni bomba, na msikilizaji ni mgonjwa aliyelala akingoja kudungwa.

Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa nini nadharia hiyo haitoshi, ni maelezo gani yamechukua nafasi yake, na hasa ni kwa mbinu gani mtafiti anaweza kujua kwamba badiliko fulani katika jamii limeletwa na matangazo wala si na jambo jingine. Mifano nitaichukua zaidi katika redio, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa kwa makini kuliko vyombo vingine katika sehemu zetu. Nitaichukua Tanzania na Rwanda, nchi ambazo katika mwezi mmoja, Julai 1993, zilianza kusikia matangazo mawili mapya yenye makusudio yaliyo mbali kama ardhi na mbingu. Moja lilitaka kuokoa maisha. Jingine lilikuja kushiriki katika kuyaangamiza.

Asili ya nadharia ya sindano

Mfano unaotajwa mara kwa mara na watetezi wa sindano ni ule wa tarehe 30 Oktoba 1938, ambapo Orson Welles alitangaza kutoka New York mchezo wa redio kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Marekani. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba umati wa watu ulikuwa umepagawa na kukimbia ovyo. Watafiti wa baadaye walipoichunguza habari hiyo waliona kwamba ilikuwa imetiwa chumvi nyingi. Wapo walioogopa, lakini nchi haikupagawa. Isisahaulike kwamba redio katika miaka ile ilikuwa ikiyanyang'anya magazeti matangazo ya biashara, na mwenye gazeti hakukosa sababu ya kutaka redio ionekane kuwa chombo cha hatari.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1940, Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, kufuatilia kampeni ya uchaguzi wa rais. Walichagua watu 600 na kuwahoji tena na tena tangu Mei hadi Novemba, wakitazamia kuona jinsi redio na magazeti yanavyowageuza. Waliogeuka walikuwa wachache mno. Wengi walikuwa wameamua mapema, nao walisikiliza hotuba za upande wao na kuzipuuza za upande wa pili. Na waliobadili nia walipoulizwa sababu, mara nyingi walimtaja mtu: mwenzi kazini, ndugu, jirani. Kutokana na kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1944, ikazaliwa nadharia ya mtiririko wa hatua mbili: habari hutoka katika chombo na kuwafikia kwanza watu wachache wanaosikiliza sana na wanaoaminiwa, kisha kutoka kwao huwafikia wengine kwa njia ya mazungumzo.

Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, nadharia hii ilifundishwa kama uvumbuzi mkubwa. Kwa mtu aliyekulia katika kijiji ambacho redio ya kutegemewa ilikuwa ile ya mwenye duka, na ambacho taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa haijakamilika mpaka mwalimu ameieleza upya kesho yake, kilichoshangaza ni kwamba ilihitaji watu 600 na miezi saba kuithibitisha.

Kikundi mbele ya redio

Tanzania ilikuwa imeitumia kanuni hiyo kwa vitendo kabla vyuo vyetu havijaanza kuifundisha kwa wingi. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Vipindi vya redio vilitangazwa kwa majuma 12, kukiwa na kitabu cha wanafunzi na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo. Walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili. Masomo yalihusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu na usafi wa maji.

Utaratibu wa mkutano ndio wenye mafunzo kwetu. Wanakikundi walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, wakasoma sehemu ya kitabu kwa sauti ili asiyejua kusoma asibaki nyuma, wakajadiliana, kisha wakaamua jambo la kufanya kabla ya mkutano ujao: kuchimba choo, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Aliyekaa kimya katika mjadala aliwaona wenzake wakikubali, nao wakamwona yeye akiwapo. Asipochimba choo, hawezi kusema hakusikia, wala hawezi kudhani kwamba wengine hawakusikia. Naomba msomaji aikumbuke nukta hii, maana tutairudia tutakapofika Rwanda.

Vyoo vilichimbwa kwa wingi. Lakini mwanasayansi mwenye wivu na kazi yake atauliza: je, ni redio iliyovichimba, au ni kikundi, au ni kiongozi wa tawi aliyepita nyumba kwa nyumba? Kampeni iliendeshwa nchi nzima kwa wakati mmoja, basi hapakuwa na kijiji kilichoachwa kando makusudi kwa ajili ya kulinganisha. Swali hilo lilipata nafasi ya kujibiwa miaka 20 baadaye.

Mkoa ulioachwa kando

Mnamo Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, uliokusudia kueneza uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Ulitungwa kwa kufuata mbinu ya Miguel Sabido, mtunzi wa michezo ya televisheni wa Mexico, ambaye katika miaka ya 1970 alipanga wahusika katika mafungu matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wale wanaoyumba katikati mpaka wajifunze kutokana na mikasa yao. Wasikilizaji wa miaka ile hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwishowe alipatwa na UKIMWI.

Kwa kuwa Dodoma ilikuwa na mtambo wake wa kurushia matangazo, iliwezekana mchezo usisikike katika eneo lake tangu 1993 hadi 1995, na nafasi yake ikajazwa na vipindi vingine. Kila mwaka watafiti waliwahoji watu katika eneo la Dodoma na katika maeneo yaliyosikia mchezo, na pia walikusanya takwimu za kliniki. Everett Rogers na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1999.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Tuchukue tarakimu za kubuni, kwa ajili ya somo tu. Tuseme katika mkoa uliosikia mchezo, wanawake 20 katika kila 100 walikuwa wakitumia njia za uzazi wa mpango mwanzoni, na baada ya miaka miwili wakawa 30. Mtu mwenye haraka atasema mchezo umeleta wanawake 10. Lakini katika miaka hiyo hiyo mambo mengine yalikuwa yakitendeka. Serikali ilikuwa imetoa sera ya taifa ya idadi ya watu mwaka 1992, huduma za kliniki zilikuwa zikipanuliwa, na habari za UKIMWI zilikuwa zimeenea kila mahali. Sasa tuseme katika mkoa usiosikia mchezo walitoka 20 wakafika 26. Sita hao hawakuhitaji mchezo ili waanze. Basi tunachoweza kukihesabia mchezo ni tofauti kati ya ongezeko la kwanza na la pili, yaani wanne. Ndiyo maana eneo la kulinganishia lina thamani kuliko maelfu ya barua za wasikilizaji wanaoshukuru.

Matokeo halisi yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi palipotangazwa mchezo kuliko Dodoma. Mchezo ulipoanza kusikika Dodoma baada ya 1995, ongezeko likaonekana huko nako, na jambo hilo linatia nguvu hoja kuliko lingine lolote. Kuna kasoro, nazo zisifichwe. Eneo la kulinganishia lilikuwa moja tu, na Dodoma haifanani na mikoa mingine kwa kila kitu. Aidha, watu husafiri, na abiria wa lori husikiliza anachosikiliza dereva. Hata hivyo, ni nadra nchi kukubali kuunyima mkoa mzima kipindi kwa ajili ya kupata ukweli wa kisayansi, na wapo watakaouliza kama ilikuwa haki. Kwa maoni yangu ilikuwa haki, maadamu mwaka 1993 hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika kama mchezo utafaa, na Dodoma haikunyimwa daima.

Jambo moja zaidi katika matokeo hayo: waliosikiliza walizungumza zaidi na wake au waume zao, na pia na rafiki zao, juu ya uzazi wa mpango. Jambo ambalo wengi walilionea haya kulianzisha sasa lilikuwa na mlango wa kupitia: mtu aliweza kuuliza, "Umesikia alivyofanya Mkwaju jana?" na mazungumzo yakafika yalikokusudiwa bila ya mtu kujitaja mwenyewe.

Jamii nayo huandika upya

Mpaka hapa nimeeleza upande mmoja. Upande wa pili, wa jamii kukigeuza chombo, hauchunguzwi sana, pengine kwa sababu wenye fedha za utafiti ndio hao hao wenye ujumbe wa kutangaza.

Mfano ulio wazi ni mchezo wa televisheni wa India uitwao Hum Log, ulioonyeshwa mwaka 1984 na 1985 katika vipindi 156. Ulianza ukiwa na mafundisho mengi ya uzazi wa mpango. Watazamaji walichoshwa na kuhubiriwa, na baada ya vipindi 13 watungaji wakalazimika kupunguza mafundisho na kuongeza mikasa ya kifamilia. Kisha likatokea lisilotarajiwa. Mama wa familia ile, Bhagwanti, aliumbwa ili watazamaji waone ubaya wa mwanamke kuvumilia kila dharau. Watazamaji wengi, na wanawake miongoni mwao, walimsifu kuwa mfano wa mke mwema. Mtunzi alipeleka kisa, na jamii ikakirudisha kikiwa na maana yake yenyewe.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Tazama vipindi vya salamu. Mtambo uliojengwa kwa ajili ya sauti moja kuwafikia wengi uligeuzwa na wasikilizaji kuwa posta ya hewani: mtu alinunua kadi, akaandika majina ya jamaa na marafiki, naye mtangazaji akawa mjumbe wao. Hali kadhalika matangazo ya vifo. Kwa miaka mingi familia nyingi zilijua habari za msiba kwa redio kabla ya barua kufika, na ratiba ya kituo cha taifa ikabidi iachie nafasi haja hiyo. Desturi ya kujuliana hali na ya kuzikana ni ya kale kuliko redio, na redio ndiyo iliyonyenyekea.

Kituo cha Kigali

Nguvu hiyo ya jamii juu ya chombo si lazima iwe ya heri. Kituo cha RTLM kilichoanza kutangaza mjini Kigali tarehe 8 Julai 1993 hakikupendwa kwa sababu ya chuki peke yake. Kilipiga muziki wa Zaire uliokuwa ukipendwa, watangazaji wake walisema lugha ya mitaani wakati redio ya serikali ikisema lugha ya ofisini, walitania, nao walipokea habari na uvumi kutoka kwa wasikilizaji na kuzirudisha hewani. Kilizungumza kama watu wanavyozungumza. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana, aliyekuwa akirejea kutoka katika mkutano Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Katika siku 100 hivi zilizofuata waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na milioni moja, wengi wao Watutsi, na kituo hicho kilikuwa kikiwachochea wauaji na hata kutaja majina ya watu wa kuwindwa.

Ni kiasi gani cha mauaji hayo kililetwa na redio? Swali hili linaogofya, lakini limeulizwa na lina majibu. Scott Straus aliwahoji wafungwa wapatao 210 waliokiri kushiriki. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 2007 alieleza kwamba wengi wao hawakuitaja redio kuwa ndiyo iliyowaingiza. Waliitwa uso kwa uso, na viongozi wa mahali au na kundi la wanaume lililopita mlangoni. David Yanagizawa-Drott alifuata njia nyingine, na hapa msomaji ataitambua mantiki ya Dodoma, ingawa safari hii eneo la kulinganishia halikupangwa na mtu. Rwanda ni nchi ya vilima, na mawimbi ya RTLM yalizuiwa na kilima hapa, yakapita bondeni pale. Vijiji viwili vilivyofanana kwa mengi viliweza kutofautiana katika usikivu kwa sababu ya kilima tu. Alipolinganisha usikivu huo na idadi ya walioshtakiwa katika kila sehemu, alikadiria, katika makala ya mwaka 2014, kwamba yapata asilimia 10 ya ushiriki wote ilitokana na redio. Aliona pia kwamba athari ilivuka mipaka ya usikivu: kijiji kisichosikia vizuri lakini kinachopakana na vinavyosikia kilikuwa na mauaji zaidi.

Tafiti hizo mbili aghalabu huwekwa kama mahasimu. Sidhani kwamba zinapingana. Anayeitwa mlangoni na majirani hawezi kujua kwamba majirani hao walisikia nini jana. Hatua ya pili ya mtiririko huificha hatua ya kwanza.

Na asilimia 10 isisomwe kuwa ni ndogo. Asilimia 10 ya washiriki wa mauaji yale ni makumi ya maelfu ya watu. Wala isisomwe kuwa ndiyo kipimo cha hatia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Desemba 2003 waanzilishi wawili wa kituo hicho pamoja na mhariri wa gazeti. Katika rufaa ya Novemba 2007 adhabu zilipunguzwa, na hukumu ya uchochezi kwa njia ya redio ikabaki kwa matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994. Katika sheria ile, kosa la uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani hukamilika kwa kutamkwa. Mwendesha mashtaka halazimiki kuonyesha kwamba fulani aliuawa kwa sababu ya neno fulani. Mwanasayansi hupima kilichotokea, na hakimu hupima kilichofanywa. Mtangazaji anayejitetea kwa takwimu za mwanasayansi amekosea mlango.

Redio na kanda zake

Baada ya mauaji, Rwanda ilipata mchezo mwingine wa mfululizo, Musekeweya, ulioanza mwaka 2004, unaosimulia uhasama na upatanisho wa vijiji viwili bila ya kutaja makabila. Elizabeth Levy Paluck alivigawa kwa kura vikundi vya wasikilizaji: baadhi visikie mchezo huo kwa mwaka mzima, na vingine visikie mchezo wa afya. Alipowauliza baadaye, hakuona badiliko kubwa katika imani zao binafsi. Waliokuwa na mashaka juu ya ndoa za mchanganyiko au juu ya asili ya chuki waliendelea kuwa nayo. Kilichobadilika ni walivyoona kuwa ndio mwenendo unaokubalika katika jamii yao, na matendo yao wenyewe.

Siku ya mwisho kila kikundi kilipewa redio moja na kanda za mchezo, bila ya kuelekezwa vitunzwe vipi, na mashauriano yao yakaandikwa. Katika vikundi vya mchezo wa afya mara nyingi mtu mmoja alipendekeza kwamba vikabidhiwe kiongozi wa mahali, na shauri likaishia hapo. Katika vikundi vya Musekeweya mtu alipopendekeza hivyo, mwingine alipinga, wakabishana, na aghalabu wakapatana kuvitunza kwa pamoja. Katika nchi ambayo mwaka 1994 wengi waliua kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kumbishia kiongozi wa mahali, mabishano juu ya redio ndogo si jambo dogo.

Hapo ndipo nukta ya Mtu ni Afya inaporudi. Redio inaposikilizwa hadharani haimwambii mtu jambo tu, humwambia pia kwamba wenzake wameambiwa. Aliyebaki na imani yake ya zamani moyoni huanza kutenda kama anavyodhani wengine watatenda, kwa heri kama katika kuchimba vyoo, au kwa shari kama ilivyokuwa Rwanda.

Kupima mambo hayo leo kumekuwa kugumu zaidi. Mwaka ule ule wa 1993 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyofungua mlango wa redio za binafsi. Vituo vimekuwa vingi, na sasa simu ya mkononi hupenya mahali ambapo mtambo wa Dodoma uliweza kuzimwa na kilima cha Rwanda kiliweza kuzuia. Mkoa wa kuachwa kando haupo tena. Mtafiti anayetaka kulinganisha hana budi kugawa kwa kura vijiji, vikundi au hata mtu mmoja mmoja, kama alivyofanya Paluck, na kuingoja kazi hiyo kwa mwaka mzima au zaidi. Na kwa kuwa wengi sasa husikiliza kila mtu na simu yake sikioni, swali la kwanza la utafiti wa namna hiyo litakuwa ni kwa njia gani msikilizaji hujua, au hudhani kwamba anajua, ni nani mwingine amesikia.